Mbeleko ya Mosi

Shelui nzima hakuna aliyewahi kung'arisha tairi kama Kristina, na hilo nalisema kifua mbele. Sasa nishushe kifua: alikuwa peke yake. Vijana wa stendi waliosha bodi na vioo, juu kule kwenye kusifiwa. Huku chini kwenye tope, mavi ya ng'ombe na mbwa waliogongwa walimwachia bibi.

Alikuwa na utaratibu wake. Kijiti cha kuchokolea mawe katikati ya kashata za tairi, brashi ya kufulia kwenye ringi, maji ya bomba, kisha tambara. Tambara bora kuliko yote lilikuwa mbeleko kuukuu aliyopewa na jirani yake Zabibu, muuza chai hapo hapo stendi.

"Mosi wangu siku hizi anachagua viatu vya visigino," Zabibu alisema akimtupia. "Mgongo umestaafu. Chukua, futia."

Siku ya ukaguzi wa trafiki Abdulrazaki alimwita mapema. Basi dogo la kwenda Singida lilikuwa lake. Bomba nalo lilikuwa lake.

"Shikamoo, bosi," alisema Kristina.

"Marahaba."

Akaitikia bila haya, mtu aliyezaliwa akimkuta Kristina na watoto wawili. Akaonyesha tairi la nyuma, la kushoto. Ubavuni palikuwa na ufa. Kristina alitia kidole, kikazama hadi kwenye pingili.

"Nyuzi zinaonekana, bosi."

"Ndiyo maana nimekuita wewe. Zisingeonekana ningekuita wa nini?"

"Fundi Mazengo je?"

"Fundi ataniambia ninunue jingine." Alicheka. "Hebu sikia, mama. Wale vijana wenye mashine ya kurusha maji wananisumbua kila siku, wanapataka hapa penye bomba. Nawaambia hapana, pale yupo mama yangu. Usinifanye mwongo."

Kristina alilitazama bomba. Wajukuu wake wote walikula kutoka kwenye mdomo ule wa chuma.

Alichana kipande cha mbeleko, akakisokomeza ndani ya ufa kwa kile kijiti, akasiliba juu kwa masizi na oili chafu. Akasugua, akasiliba tena, mpaka ubavu ukawa kitu kimoja. Alipomaliza alirudi nyuma hatua kidogo akatazama na, Mungu amsamehe, aliipenda kazi yake.

Trafiki alilipiga teke.

"Haya ndiyo matairi," akamwambia Ignas, dereva, ambaye wakati huo alikuwa na shughuli kubwa ya kutazama mawingu.

Abiria wakaanza kupanda. Mosi alikuja na kikapu chake, anakwenda kumsalimia shangazi yake Mwankoko.

"Shikamoo, bibi. Mbona yanang'aa hivi? Nijitazame humu nitie wanja?"

"Marahaba." Kristina alifungua mdomo aseme. Nyuma ya Mosi, Abdulrazaki alikuwa ameliegemea bomba, anachokonoa meno.

"Kaa upande wa dereva, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Huku kuna jua."

"Ah, bibi! Mimi nilivyo hivi, jua litaniongezea nini tena?"

Akapanda akicheka. Akakaa dirishani, upande wa kushoto, apate kumpungia mama yake pale kwenye meza ya chai.

Tairi lilivumilia kupanda mlima Sekenke. Lilipasuka huko juu, barabara iliponyooka na Ignas akakanyaga mafuta.

Msibani kwa Zabibu, Abdulrazaki alifika na magunia ya mchele na macho mekundu. Alikaa na wanaume, lakini aliongea kwa sauti ya kufika kwenye mikeka ya wanawake.

"Ni kazi ya Mungu, ndugu zangu. Tairi lilikuwa zima kabisa. Mama Kristina si huyo hapo? Ndiye anayeyaosha. Mama, hebu waambie."

Kristina alikuwa na ungo mapajani, anachambua mchele huo huo.

"Lilikuwa zima," alisema. "Mimi mwenyewe nililipitishia mkono pote."

Zabibu alikuwa ameketi mkekani tangu watu warudi makaburini kumzika Mosi. Sasa alinyoosha mkono chini ya mto. Kaka yake Amri, aliyekwenda kumchukua Mosi barabarani, alikuwa amerudi na kiatu kimoja cha kisigino na kipande cha mpira kilichoning'inia tambara. Alikiokota kwa kushangaa tu, tairi gani hili lenye nguo ndani.

Zabibu alilivuta lile tambara, likatoka. Lilikuwa jeusi tii, ila kwenye pindo, mahali ambapo oili haikufika, palibaki ua la njano na mshono wa uzi mwekundu. Mshono huo aliushona yeye mwenyewe, siku ambazo Mosi alikuwa anaota meno na hataki kushuka mgongoni.

"Kristina," aliuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia. "Hii ilifuata nini kwenye tairi zima?"



"Lahaula!" Abdulrazaki aliwahi kabla ya wote. "Mama Kristina! Kumbe ulikuwa unanificha?"

Wanawake wakageuka. Hawakumgeukia Abdulrazaki. Kristina alizamisha mikono kwenye ungo, ndani kabisa ya mchele mweupe wa bosi, azifiche kucha nyeusi.