Zebaki ya Marehemu Fundi

Simu iliingia saa mbili na dakika kumi asubuhi. Mpigaji alikuwa fundi cherehani, na alitaka kujua kama maji ya chuma ni kazi ya zimamoto au ya polisi.

"Maji ya chuma?" akauliza mkuu wa kikosi cha kemikali za hatari, mwanamke wa miaka arobaini na moja ambaye wafanyakazi wenzake walimwita Mkuu tu.

"Yanang'aa kuliko kijiko kipya. Ukiyagusa yanakimbia. Yako sakafuni kwa jirani yangu mjane, na yeye na wifi yake wanatupiana maneno tangu alfajiri."

"Hiyo ni zebaki. Kuna mtu amefagia?"

"Tumefagia wote."

"Wote?"

"Kwa zamu."

Mkuu akafunga daftari. Alikuwa na miaka kumi na minne katika kazi hiyo, na kitu kumwagika hakukumtia hofu hata siku moja. Kilichomtia hofu ni majirani wema.

Nyumba ilikuwa na vyumba sita kuuzunguka ua wa saruji, bomba moja la maji katikati na kamba ndefu ya kuanikia nguo. Mkuu aliwatoa watu wote nje, akawapanga chini ya kamba, akawavua viatu na kuvitia kwenye mfuko wa nailoni. Msaidizi wake, mwanamume mfupi waliyemwita Mrefu, akaufunga mfuko bila kusema neno. Mrefu hakuwa mtu wa maneno. Siku akisema sentensi mbili, watu ofisini walimuuliza kama anaumwa.

"Zebaki hainuki na moshi wake hauonekani," Mkuu akawaambia. "Inageuka mvuke, inaingia kwa pua, inatulia mwilini. Ukikaa nayo muda mrefu mikono inatetemeka, unasahau mambo, unakuwa na hasira za bure."

"Hasira pia?" Fundi cherehani akawatazama wifi wawili, waliokuwa wamesimama mmoja huku mwisho wa kamba na mwingine kule.

"Hasira pia. Lakini si kwa saa mbili."

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mume wa yule mjane alikuwa fundi wa mashine za kupimia presha, akizunguka hospitali hadi hospitali kwa miaka thelathini. Mashine za zamani zilipokwisha muda wake, alizikamua zebaki yake na kuihifadhi chumbani kwenye kichupa kilichokuwa cha dawa ya kikohozi. Miezi minne iliyopita alifariki. Mjane akakifunga chumba cha vifaa kwa kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni. Asubuhi hiyo dadake marehemu alikuja kuomba kitu chochote cha kaka yake cha kumkumbukia. Mlango ukafunguliwa, sanduku lenye kichupa likatolewa hadi chumba cha kulala. Kilichofuata kila mmoja alikisimulia kwa njia yake, na masimulizi yote mawili yalifanana neno kwa neno, isipokuwa jina la aliyevuta.

"Alivuta yeye," akasema mjane.

"Nilishika tu. Aliyevuta ni yeye," akasema wifi yake.

Sanduku likapasuka, kichupa kikaanguka. Chupa yenyewe ilivunjika vipande vinne, na kwenye kipande kikubwa karatasi ya marehemu ilikuwa bado imegandia. Mkuu aliisoma akiwa amepiga magoti, barakoa usoni: *Zebaki. Gramu 1,250. Usifungue, mke wangu.*

"Sikufungua," mjane akasema kutoka uani. Alikuwa anajua imeandikwa nini. "Imejifungua yenyewe."

Kazi ya zebaki haitaki haraka. Mrefu alizima taa, akalaza tochi sakafuni, na chumba kizima kikawaka vitone, vingine kama punje ya mtama, vingine vidogo kuliko ncha ya sindano, chini ya kitanda, kwenye nyufa za saruji, ndani ya zulia. Walivikusanya kwa kadi ngumu, wakivisukuma taratibu mpaka viungane, kisha wakavivuta kwa bomba la sindano na kuvitia kwenye chupa ya plastiki nene. Vitone visivyoshikika walivibandua kwa utepe wa kunata. Nyufa wakazinyunyizia unga wa salfa, na chumba kikaanza kunuka kama kiberiti.

Ufagio ulikuwa umefanya safari ndefu. Ulianza kwa mjane, ukaenda kwa fundi cherehani, ukapita ukumbini, ukaishia kwa kinyozi. Kinyozi, kwa upande wake, aliona sakafu yake inang'aa kama imelowa, na kwa moyo mweupe akaleta mashine yake ya kukaushia nywele.

"Ulipuliza?" Mkuu akamuuliza.

"Kidogo."

"Moto au baridi?"

Kinyozi akajitazama miguu. "Moto. Nilitaka ikauke upesi."

Mkuu alikishika kipimo cha mvuke, kisanduku chenye pua ndefu, akakipeleka chumbani kwa kinyozi na kurudi. Kisha akamwambia Mrefu aongeze utepe wa njano wa kuzuia watu mpaka langoni. Ile mashine ya nywele iliingia kwenye pipa la taka, juu ya ufagio.

Ilipofika saa tano, ikawadia sehemu ya kazi ambayo Mkuu hakuipenda. Afadhali tindikali; tindikali inaunguza kitu na kila mtu anaona kimeungua. Zebaki inakiacha kitu kilivyo, kizuri, kizima, kisha mgeni mwenye barakoa anakuja kukuambia hakifai tena. Zulia halikufaa. Godoro halikufaa. Kiti cha kujinyoosha alichokuwa akikalia marehemu kilikuwa na vitone ndani ya mshono.

Mjane aliona vitu vyake vikipita mbele yake, akajikaza. Lakini Mrefu alipotoka na koti la kazi la kijivu, lenye mifuko minne na kalamu bado mfukoni, mama yule alivuka utepe.

"Hilo hapana, mwanangu."

"Lilikuwa limetundikwa pale sanduku lilipopasukia, mama," Mkuu akasema.

"Limetundikwa. Halikuwa sakafuni."

"Zebaki inaruka ikidondoka."

"Umeiona imeruka?"

Mkuu hakuwa ameiona. Akachukua mfuko mnene wa nailoni, akalitia koti ndani, akaufunga na kuuweka juani. "Tunaliacha lipate joto saa nzima, kisha tunapima hewa ya ndani ya mfuko. Namba ya kipimo isipozidi kumi, ni lako. Ikizidi, ni langu."

Saa nzima mjane alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa kando ya ule mfuko, kama mtu anayesubiri mgonjwa atoke chumba cha upasuaji. Alimweleza Mkuu kwamba mume wake alikuwa mtu wa vipimo. Chai aliipima sukari. Mvua aliipima kwa kopo. Walipooana alimpima mkono presha, akaiandika namba kwenye daftari, akamwambia iko juu kidogo, labda ni furaha.

"Na ilikuwa furaha?"

"Ilikuwa viatu. Vilinibana."

Saa ilipotimia Mkuu akaingiza pua ya kipimo kwenye mfuko. Thelathini na nane. Akaitoa, akangoja, akapima tena, ingawa alijua kipimo chake hakina tabia ya kubadili mawazo. Thelathini na tisa.

"Ngapi?" mjane akauliza.

"Imezidi, mama."

"Kwa ngapi?"

"Kwa nyingi."

Mjane akatikisa kichwa polepole. Akaomba atolewe ile kalamu tu. Mkuu akaipima kalamu peke yake, nayo pia ikazidi. Mama yule akainuka kwenye ndoo, akakung'uta gauni lake, akarudi nyuma ya utepe kwa miguu yake mwenyewe. Mkuu alibaki ameinamia mfuko muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuufunga.

Mchana wakapima uzito. Chupa ya plastiki ilikuwa na gramu mia nane na kumi. Marehemu aliandika elfu moja mia mbili na hamsini, na mtu anayepima mvua kwa kopo hakosei. Mkuu akaenda chini ya kamba ya nguo.

"Kuna zebaki haipo," akasema. "Simshitaki mtu. Siandiki jina. Naweka beseni hapa mezani, nageuza mgongo, aliyechukua anarudisha."

Akageuza mgongo. Akasikia hatua, akasikia kitu kikigonga beseni, akasikia fundi cherehani akijikohoza. Alikuwa ameitia kwenye kichupa cha vifungo, gramu tisini, kwa sababu ilikuwa nzuri mno kuiacha ifagiwe. Kinyozi akaleta kikombe cha sabuni ya ndevu chenye gramu mia na thelathini. Alisema alitaka tu kuiangalia ikizunguka.

Mkuu akajumlisha, akatoa kiasi kilichonywewa na nyufa. Bado zilipungua kama gramu mia na themanini. Kwa maji hiyo haifiki hata kijiko cha mezani kilichojaa. Kwa mvuke ingetosha kuharibu nyumba nyingine.

"Hakuna mwingine?" akauliza.

Dadake marehemu ndiye aliyekuwa na haraka kuliko wote. Alikuwa na basi la kupanda, alisema, na yeye hata kidole hakukigusisha. Akala kiapo, mkono wa kushoto umeinuliwa juu.

Mkuu akautazama ule mkono.

"Shangazi, pete yako ni ya fedha?"

"Fedha? Dhahabu hii. Nimeivaa miaka ishirini na saba."

"Hebu itazame."

Mama yule akaitazama. Upande wa juu pete ilikuwa ya dhahabu. Upande wa kiganja ilikuwa nyeupe kabisa, kama imepakwa chokaa. Aliisugua kwa kidole gumba, kisha kwa gauni. Haikurudi.

"Zebaki inapenda dhahabu," Mkuu akasema. "Ikiigusa inaingia ndani yake."

Dadake marehemu akafungua mkoba wake, akatoa kopo dogo la mafuta ya kujipaka, akalishika kwa mikono miwili. Lilikuwa zito kuliko kopo la mafuta linavyostahili kuwa.

"Ilibingirika mpaka kwenye mguu wangu," akasema. "Kaka yangu ameshika kitu hiki miaka thelathini. Mimi nina nini chake? Kila kitu kina kufuli."

"Ungeomba," akasema mjane.

"Nimeomba miezi minne."

"Hukuomba. Ulidai. Umekuja na sauti juu tangu siku ya mazishi."

"Na wewe umevaa ufunguo shingoni kama askari jela."

Mkuu alinyoosha mkono. "Naomba kopo, shangazi."

Akampa. Ilikuwa gramu mia moja sabini na sita. Kisha akamwomba na pete, na hapo mama yule akarudi nyuma hatua mbili, mpaka akagonga nguzo. Mkuu akamweleza kwa utaratibu: haisafishiki nyumbani, na sonara akiitia motoni atavuta mvuke wote yeye. Haikutoka kidoleni. Ilibidi iletwe sabuni, na kwa sababu vidole vya dadake marehemu viliteleza kila akijaribu, aliyeisugua na kuivuta alikuwa mjane, aliyevishwa glavu za Mrefu. Alivuta taratibu sana. Safari hii hakuna aliyebisha nani kavuta.

Pipa lilipopakiwa garini, mjane akauliza litapelekwa wapi. Mkuu akamjibu kwamba kuna ghala la taka za sumu, mbali na watu, na kila pipa lina namba yake.

"Na koti limo humo?"

"Limo."

"Na pete yangu?" akauliza wifi yake.

"Imo. Pipa moja."

Wakatazamana. "Basi watagombana huko," akasema mjane, na Mrefu, ambaye alikuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi, akacheka mpaka akalazimika kuegemea gari.

Nyumba ilifungwa siku tatu, madirisha wazi na mafeni yakisukuma hewa nje. Watu walilala kwa jamaa zao. Wote walipimwa mkojo. Dadake marehemu peke yake ndiye aliyezidi kidogo, akaambiwa arudi baada ya mwezi mmoja na asiende popote mbali na hospitali. Kwa hiyo hakupanda basi. Kwao ni safari ya siku nzima, na katika mji ule hakuwa na jamaa mwingine isipokuwa mmoja.

Siku ya nne Mkuu alirudi na kipimo chake. Kwa fundi cherehani, safi. Kwa kinyozi, safi, na kinyozi akauliza mara tatu kama ni safi kweli. Kwa mjane sakafu ilikuwa imebomolewa na kumwagwa saruji mpya, kuta tupu, chumba kikubwa kuliko mtu alivyodhania. Chumba cha vifaa kilikuwa wazi. Bisibisi na koleo za marehemu, zilizokuwa kwenye bati lenye kifuniko, zilipimwa, zikapita, na sasa zilikuwa zimepangwa mafungu mawili juu ya gazeti. Fungu moja lilikuwa kubwa zaidi, na wale mama wawili walikuwa wakisukumiana hilo kubwa, kila mmoja akisema si lake.

"Mwanangu, njoo uamue," mjane akamwita Mkuu. "Kitanda kipya kinakuja mchana. Mimi nataka kikae dirishani. Huyu anasema dirishani kuna upepo."

"Kuna upepo," akasema wifi yake. "Na mimi ndiye nitakayelala upande wa ukuta."

Mkuu akapima hewa karibu na dirisha, kisha akapima karibu na ukuta. Kote kulikuwa sawa. Akawaambia hivyo, akaweka sahihi kwenye karatasi yake, akaibandika mlangoni. Alipokuwa anavaa viatu langoni alisikia bado wanabishana, sasa juu ya pazia.