Namba Ishirini

Kamera za depo ya Goma zilinyamaza siku ileile waasi walipoingia mjini, na katika nyumba ya Kambale, pale Bel-Air mjini Lubumbashi, hakuna aliyeuliza kwa nini. Jibu lilikuwa sebuleni, likisemwa na televisheni tangu asubuhi mpaka watu walale: mizinga, umati barabarani na magodoro vichwani, umeme umekatika, mitandao imekufa.

Aliyeziweka kamera hizo ni Emery, kitinda mimba wa nyumba hiyo. Baba yake, Kambale, alitoka Butembo akiwa kijana, akajijenga Lubumbashi kwa biashara ya maharagwe ya jumla, na ile depo ya Goma, ghala lake la magunia, akamwachia binti yake mkubwa, Dorcelle, na mumewe Clément. Ili mzee aone mali yake akiwa mbali, Emery aliweka seva chumbani kwake, kompyuta ndogo isiyo na kioo, kazi yake kupokea picha za Goma na kuzitunza. Mzee alichoka upesi kutazama magunia. Aliyezipenda zile picha ni Mama Geneviève. Kila asubuhi alikaa mbele ya kompyuta ya Emery na kikombe chake cha chai, akimtazama Dorcelle akifungua geti, akifagia, akimbeba mtoto mgongoni. Sauti haikuwepo, lakini Mama alikuwa akimsemesha hivyohivyo.

Siku zikapita, simu ya Dorcelle haiingii. Ndipo Mama Geneviève alipoanza kumwandama Emery. Hata huku courant ilikatika siku ile, taa zikazimika, alisema, ikarudi, ikakatika tena. Pengine ubaya uko huku. Emery alimjibu kwa upole kwamba Goma nzima haina mtandao. Mama akamkumbusha kuwa depo ina sola yake na antena yake ya setilaiti, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyejisifu kuwa mji mzima ukilala gizani, depo itakuwa inaona. Emery akaenda kuangalia, zaidi ili mama yake apate kupumua.

Katika nyumba kila mashine inayotumia internet ina namba yake, kama vile viwanja vya avenue moja mtaani. Mgawaji wa namba ni modemu. Emery alikuwa ameiandikia seva namba ishirini, isibadilike daima, na modemu akaiagiza kwamba chochote kitakachobisha kutoka Goma kipelekwe kwa namba ishirini. Akaketi kwenye kompyuta yake, akaiita namba ishirini. Ikaitika. Basi seva ni nzima, alijiambia. Akaita tena. Ikaitika, ikasita, ikaitika. Kule kusita hakukumpendeza. Akainama chini ya meza, akachomoa waya wa seva ili aiwashe upya, na alipoinua kichwa, waya ungali mkononi, akaona kwenye kioo kwamba namba ishirini bado inaitika.

Alibaki ameushika waya ule kama mtu aliyeshika mkia wa nyoka. Seva imekatwa, na ndani ya nyumba hiihii kuna kitu kingine kinachoitikia namba yake.

Akaanza kuzunguka. Alizima simu yake na ya mama, akaizima na printa. Namba ishirini ikaendelea kuitika. Akaenda sebuleni, na bila kumwambia mtu akachomoa televisheni, ile pana ambayo mzee aliileta Noeli. Aliporudi chumbani, namba ishirini ilikuwa kimya.

Hapo akaelewa. Seva aliiandikia namba, lakini modemu hakuiambia kwamba namba hiyo ina mwenyewe. Siku ile courant iliporudi, televisheni iliwahi kuamka, ikaomba namba, na modemu ikaipa ishirini. Seva nayo ikaamka na ishirini yake. Tangu hapo zilikuwa mbili kwenye namba moja, na kila kilichokuja kutoka Goma kilipelekwa kwa televisheni, ambayo haikujua la kufanya nacho, ikakitupa.

Alimweleza mama yake kadiri alivyoweza. Mama Geneviève hakuhitaji maelezo yote. Aliweka mikono kifuani.

"Nilisema," alisema. "Nilisema ubaya iko huku kwetu."

Akacheka, kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekisahau, akatoka uani kuwaambia majirani kwamba Goma si kimya, ni mashine za Emery zilikuwa zinagombana. Akampigia simu mzee dukani, akawasha makaa, akabandika sufuria ya bukari, ule ugali wa kwao. Emery alimsikia akiimba wimbo wa kanisani huku anasonga.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndogo. Aliifungia seva namba ishirini ndani ya modemu yenyewe, na mashine nyingine zote akaziambia zianzie mia moja, mbali na ishirini ya seva. Kisha akampigia Amadi, rafiki aliyesoma naye, kijana wa familia ya Maniema anayekaa Kasungami, pembezoni mwa mji, akamwomba ajaribu kuingia kwa simu yake kutoka nje. Amadi hakukawia kumrudishia jibu.

"Mulango iko wazi, Emery. Niko naingia mpaka ndani. Kwako hakuna shida tena."

Kamera zilikuwa zimefundishwa kubisha bila kuchoka mpaka zifunguliwe. Kwa hiyo walingoja. Mzee Kambale alifika, viatu vimelowa, akasimama nyuma ya kiti cha mkewe. Kwenye kioo kulikuwa na miraba mitatu myeusi: geti, ghala, ua. Mvua ilipiga mabati. Emery alipima tena kila kitu, na sasa alikuwa akiomba moyoni akute kosa jingine, waya uliolegea, herufi iliyokosewa, chochote. Hakukuta. Kila alichokigusa kilikuwa kizima. Mwishowe mikono yake ikatulia juu ya meza, na mama yake akaiona imetulia.

"Sasa ubaya iko wapi?"

"Huku haiko tena, Mama."

Huko barazani bukari ilikuwa inaanza kuungua, na hakuna aliyeinuka.

"Rudisha vile ilikuwaka," Mama alisema.

"Mama..."

"Ile televizyo, uirudishie namba yake. Mi nakuomba, Emery. Rudisha vile ilikuwaka."

Mzee alimwekea mkewe mkono begani. Mama akautoa. Emery hakurudisha kitu, na tangu siku hiyo Mama Geneviève hakuingia tena chumbani kwake.

Mvua zilikuwa zinakwisha wakati Désiré alipofika. Alikuwa dereva, miaka mingi alimbebea mzee mizigo. Alitoka Goma kwa kuzunguka Rwanda, Tanzania na Zambia, akaingilia mpaka wa Kasumbalesa. Aliketi ukingoni mwa kiti, akasimulia akitazama sakafu. Siku za kwanza depo haikuguswa. Dorcelle, Clément na majirani walijificha humo. Baadaye geti likavunjwa. Watu walibeba magunia, wakafagia hata punje zilizomwagika. Clément alipigwa risasi uani, na Désiré mwenyewe alisaidia kumfunga shuka kama sanda. Dorcelle alikuwa ametoka na mtoto kabla, katika vurugu. Wengine walisema ameshika njia ya Minova, wengine ya mpakani. Yeye hakumwona.

Mama Geneviève alikwenda chumbani, akafunga mlango. Hawakumsikia akilia. Mzee, kwa kukosa swali jingine, aliuliza sola za depo nazo zilikwenda lini. Désiré akasema zilichukuliwa mwisho, kesho yake baada ya geti kuvunjwa. Mpaka siku ile taa za depo zilikuwa zinawaka, antena nayo iko juu ya paa.

Emery alimsindikiza mgeni mpaka barabarani. Alitembea bila kuona anakokanyaga. Basi kamera zilikuwa zinabisha, muda wote ule. Ziliona Dorcelle ametoka wapi na amegeukia wapi, zikaileta habari hiyo mpaka Bel-Air, ikafika ndani ya nyumba, ikatupwa sebuleni, mbele yao wote wakiwa wamekodolea macho taarifa ya habari.

Désiré alisimamisha pikipiki ya abiria. Kabla ya kupanda, aligeuka.

"Na zile kamera zenu? Hazikuona kintu?"

"Zilikufa siku ya kwanza," Emery alisema.

Désiré akatikisa kichwa kwa huzuni, akampa mkono, akapanda.