Toleo Lisilo na Pumzi

Binamu yangu ana mkono wa kusafisha. Akiona vumbi anafagia. Kompyuta ikimwambia kuna toleo jipya, anabonyeza ndiyo. Asubuhi ile alibonyeza ndiyo kwenye programu ya mama yake, na mama yake akawa bubu mara ya pili.

Mama yake ni shangazi yangu. Kabla hajafanyiwa upasuaji wa koo tulimrekodi maneno mengi, nikamtengenezea programu: yeye anaandika, kompyuta inatamka kwa sauti yake mwenyewe. Na mchana huo alikuwa anakuja mdogo wake, baba yangu, ambaye macho yake hayaoni tena. Hawakuwa wamekutana tangu upasuaji. Mtu asiyeona utamwandikia nini?

"Nilikuwa nasaidia tu," binamu alisema.

"Najua. Hata aliyebomoa ukuta alikuwa anapiga msumari tu."

Programu yangu imejengwa kwa maktaba, yaani vipande vya kazi vilivyoandikwa na watu nisiowajua. Kimoja kinatamka, kingine kinapeleka sauti kwenye spika, na vyote viwili vinategemea cha tatu, kidogo, kinachosoma rekodi. Cha spika, baada ya kusasishwa, kilitaka toleo jipya la kile kidogo. Cha kutamka kilitaka la zamani. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Kila nilipoamuru programu iundwe upya kutokana na vipande hivyo, kompyuta ilikataa.

Dawa ya kawaida ni kurudisha ya zamani. Lakini mimi nina kiburi cha fundi, kurudi nyuma naona aibu. Nikakibadilisha kile cha kutamka kikubaliane na toleo jipya, na programu ikaundwa. Shangazi akaandika, spika ikasema, "Habari za asubuhi." Binamu akapiga makofi.

Shangazi akatikisa kichwa. Akaandika: Huyu ni nani?

"Ni wewe, mama! Rekodi ni zilezile."

Akaandika tena, akigonga vitufe kwa nguvu: Si mimi.

Rekodi zilikuwa zilezile kweli. Sasa nini kimebadilika? Hasira zote zikanitoka, nikabaki na hamu ya kujua, na mimi nikishikwa na hamu hiyo hata chakula hakipiti. Nikafungua toleo jipya na la zamani la kile kipande kidogo kinachosoma rekodi, ubavu kwa ubavu, nikasoma mstari kwa mstari. Mwandishi wake, huko aliko, alikuwa ameongeza hatua moja tu: kukata kelele ndogo zote kabla ya neno la kwanza. Aliona anasafisha.

"Kumbe tuko wengi," binamu akasema.

"Nyamaza kwanza."

Nikafungua rekodi yenyewe, nikaongeza sauti. Kabla ya "habari" kulikuwa na pumzi fupi ya puani, ile ya mtu anayejiandaa kugomba. Tumekua na pumzi hiyo, tukiisikia tunaacha utundu, wala hatukuwahi kujua kwamba tunaisikia. Binamu akashika mdomo. Mimi nilitaka kulia.

Nikameza kiburi. Nikairudisha maktaba ya spika kwenye toleo lake la zamani, na ile ndogo pia, nikazifunga zisijisasishe tena, nikafuta marekebisho yangu yote. Programu ikaundwa bila neno.

Baba alipofika, binamu alimshika mkono akamkalisha. Shangazi akaandika upande wa pili wa meza. Spika ikavuta pumzi.

"Ngoja, dada, usinigombeze!" baba akadakia. "Nimechelewa kwa sababu ya gari."

"Hata hujanisalimia," sauti ikasema.

Tulicheka sote, naye baba akacheka kuliko sisi. Kisha akanyoosha mkono kuelekea sauti ilikotoka, akapapasa meza, akaigusa ile spika, akaanza kuurudisha mkono.

Shangazi aliinuka haraka. Akaichukua spika, akaipakata kifuani, akauvuta mkono wa mdogo wake mpaka hapo ilipo.