Ngozi Namba Kumi na Nne

Nina kibanda mkabala na geti la chuo kikuu, mwaka wa ishirini na tatu sasa, na nimeshona viatu vya maprofesa wasiojua hata kufunga kamba. Kwa hiyo mtu asinitishe na vyeti. Wananiita Msumari kwa sababu nikiwa kazini misumari hujaa mdomoni, ingawa dada yangu husema ni kwa sababu ya maneno yangu.

Mpwa wangu, binti wa pekee wa dada yangu huyo, alisoma kemia hapo chuoni. Alipofika mwaka wa mwisho, chuo kilifungua kituo cha ubunifu wa bahari katika stoo kuukuu iliyopakwa rangi ya buluu. Wanafunzi wakaitwa walete mawazo ya biashara zinazotokana na bahari bila kuiumiza. Mmoja alikuja na mtambo wa kukaushia mwani. Mwingine alikuja na matofali ya maganda ya chaza. Mpwa wangu akaja na ngozi za samaki.

Ngozi zenyewe zilitoka kwenye kiwanda cha minofu anakofanya kazi mama yake. Pale hukata nyama, ngozi wanazimwaga ufukweni, na mtaa mzima tunaziba pua. Yeye alizikusanya kwa ndoo, akazikwangua magamba, akaziloweka majuma mawili kwenye makapi ya chai ya mgahawa wa chuo, maana chai ina kitu kinachoikaza ngozi isioze. Zikatoka na rangi ya kahawia, zimejaa vijumba vidogo pale magamba yalipokuwa. Kila moja aliiandika namba kwa ndani kwa kalamu isiyofutika.

Siku moja akaniletea mbili, namba kumi na nne na namba kumi na tano.

"Mjomba, hebu jaribu kuzishona uniambie."

Nikazigeuzageuza. "Hizi? Hizi zitafaa kupangusia nyundo."

Akacheka, akaandika kitu kwenye daftari lake, akaenda zake. Alipopotea getini nikazivuta, nikazikunja, nikazitoboa kwa shazia, ile sindano yangu kubwa. Hazikuchanika. Niseme ukweli, nilikasirika. Miaka yote hii ngozi ndiyo kazi yangu, halafu mtoto niliyembeba mgongoni anaokota kitu kizuri jaani ambako mimi nilipita nimeziba pua. Nikazishona viatu vya saizi yangu, nikavipaka rangi nyeusi mara tatu asivitambue, nikavivaa. Kila alipopita kunisalimia, miguu niliisukuma chini ya meza. Kejeli nazo sikuziacha, maana mdomo ukishazoea kazi hiyo haukubali kustaafu.

Kituo kilikuwa na nafasi moja tu ya karakana: chumba, mapipa ya kulowekea, mashine, na mwaka mzima wa kuongozwa. Jopo lingechagua siku ya Ijumaa. Dada yangu subira ilikuwa imemwisha. Kiwandani kulikuwa na kazi ya ukarani inayoanza Jumatatu, na binti alikuwa ameahidi kwamba asipochaguliwa, Jumatatu hiyo atavaa koti jeupe la kiwanda na habari ya ngozi iishie hapo. Koti lenyewe dada alikwisha kulishona, akalipiga pasi na kulitundika mlangoni.

Jumapili kabla ya hiyo Ijumaa, mpwa wangu alikuja kibandani uso umemshuka.

"Mjomba, kesho tunakabidhi vipande sita. Wanataka kila kimoja kiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliozibwa kwa moto, hewa isipite. Ndio utaratibu wa maabara. Ila vyangu bado vina unyevu kidogo kwa ndani. Haitadhuru?"

Jibu la swali hilo mshona viatu yeyote anakupa akiwa usingizini. Ngozi yenye unyevu ukiifungia kwenye joto inavunda. Lakini watu wa maabara hufunga kila kitu, kwao kilicho wazi ni kichafu. Mdomoni nilikuwa na misumari, rohoni nilikuwa na kijicho.

"Waulize wasomi wenzako," nikamwambia. "Mimi wa kupangusa nyundo najua nini?"

Alinitazama kidogo, akaenda. Ningeweza kumwita. Sikumwita.

Ijumaa nilifunga kibanda nikaenda kukaa kiti cha nyuma. Mbele walikaa watu watatu wa jopo. Mkuu wao alikuwa Profesa mmoja mama, mfupi, mwenye sauti ya upole. Pembeni yao alisimama katibu, bwana mmoja aliyekumbatia orodha yake asije akaporwa.

Zamu ya mpwa wangu ilipofika, katibu akakata mfuko wa kwanza kwa mkasi. Harufu iliyotoka iliwarudisha nyuma watu wa mstari wa mbele pamoja na viti vyao. Ngozi ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Akakata wa pili, na wa tatu. Kufikia wa nne mtu akafungua madirisha.

Mpwa wangu alisimama ameshika ukingo wa meza. Hakulia. "Jumatatu zilikuwa nzuri," alisema.

"Sikatai, binti yangu," Profesa akajibu. "Lakini tunapima kinachoonekana. Una kingine?"

"Sina."

Hapo nikaliona akilini lile koti mlangoni kwa dada, na aibu ikanipanda kutoka miguuni. Na kweli ilikuwa miguuni. Nikasimama.

"Anacho," nikasema. "Nimekivaa."

Nilitembea hadi mbele, nikavua viatu vyote viwili. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, kidole gumba kikatoka kulisalimu jopo. Sikujali. Nikaomba spiriti, nikalowesha leso na kusugua ile rangi nyeusi. Vijumba vya magamba vikajitokeza, kimoja baada ya kingine, kahawia safi. Mpwa wangu alifunika mdomo kwa kiganja.

"Hivyo havina namba," katibu akasema. "Havikukabidhiwa."

Binti akakichukua cha kulia, akaugeuza ulimi wa kiatu. Kwa ndani palisomeka kumi na nne. Kisha akafungua daftari, akampa Profesa, naye akasoma kwa sauti: "Namba kumi na nne na kumi na tano. Nimempa mjomba. Amesema zitafaa kupangusia nyundo."

Ukumbi ukaangua kicheko. Nilicheka nami, ningefanyaje?

"Kwa tarehe hii ni siku sitini na mbili," Profesa akasema. "Umevivaa mara ngapi?"

"Kila siku, mama. Hata ile mvua iliyofurika mtaro wa getini ilinikuta navyo. Na hizo zilizovunda, lawama ni yangu. Aliniuliza kuhusu mifuko. Nilijua, nikanyamaza kwa sababu ya wivu."

Sikuthubutu kumtazama mpwa wangu. Profesa alikunja kiatu hadi ncha ikagusa kisigino, akakiachia, kikarudi kilivyokuwa bila ufa. Halafu akakinusa. Baada ya siku sitini na mbili za mguu wangu, huo ulikuwa ujasiri.

"Harufu ya samaki haipo," alisema kwa uangalifu, na watu wakacheka tena. Akamgeukia katibu. "Kiandikie namba kwenye orodha yako. Na utaratibu wa mifuko tuufute. Tuliutunga sisi, na hakuna aliyemwuliza fundi."

Walitoka kushauriana. Chai niliyoletewa haikupata hata muda wa kupoa, walikuwa wamesharudi. Karakana ni ya binti.

Watu walisimama kupiga makofi, na mimi nikapiga hadi viganja vikawaka. Mpwa wangu aliomba neno moja tu: karakana iwekwe kiti cha fundi. Kisha akaja akaninong'oneza, "Mjomba, siku nyingine nikikuuliza, tema misumari kwanza."

"Nitaitema," nikasema.

Viatu walibaki navyo, eti ni sampuli. Nikatoka getini peku, fundi viatu mzima, soksi mkononi.

"Msumari, wamekufilisi huko?" akaniuliza jirani yangu muuza magazeti.

"Wamenihitimisha," nikamjibu, nikapita nimetuna.

Nyumbani dada alinitazama miguu, akamtazama binti yake usoni, akaelewa bila kuambiwa. Akalitungua koti mlangoni, akachukua mkasi na kuikata mikono yake hadi viwikoni, machozi yakimtoka.

Jumatatu mpwa wangu alilivaa lile koti, kama alivyoahidi, ila karakanani, si kiwandani. Hadi kufikia saa nne lilikuwa limeshageuka rangi ya chai.