Swali la Doto

Kurwa alifika Ujiji kwa fundi na kanda yake ya video ameifunga kwenye kitenge, kitenge kakitia ndani ya kikapu cha dagaa, maana hakutaka mtu amuulize amebeba nini. Fundi Anatoli akainua kifuniko cha kanda, akainusa.

"Bibi, hii imeota ukungu kama muhogo wa udaga."

"Udaga tunakula, mwanangu."

"Huu ndio unaoila kanda. Itapita kwenye deki mara moja tu. Naivuta kwa waya, iingie kwenye kompyuta."

Mara moja ilimtosha. Ilikuwa kanda ya harusi yake, mwaka themanini na nane, na ndani yake alikuwemo Doto, pacha wake, aliyezama ziwani pale Katonga kabla harusi haijatimiza mwezi. Mpiga video alimwambia Doto azungumze na bibi harusi. Doto, ambaye video alikuwa hajaiona, akadhani ni kama simu ya upepo ya misheni, kwamba Kurwa aliyefungiwa chumba cha ndani anamsikia palepale. Akauliza, "Kurwa, unanisikia?" Kisha akanyamaza, anangoja jibu.

Miaka yote hiyo anangoja. Mama yao alikataza: pacha haitikii pacha aliyezikwa, akiitika, atafuatwa. Kurwa alitii, hata mama alipokwisha kufa. Lakini leo kanda ilikuwa inauliza kwa mara ya mwisho.

Kioo kikajaa mistari, halafu Doto akatokea kwenye mkeka wa wanawake, gauni la njano, unga wa muhogo bado uko kwenye kiwiko.

"Kurwa, unanisikia?"

Zamani Kurwa alikuwa akihesabu nne, picha inahamia kwa wapiga ngoma. Leo alihesabu nne, akafika kumi na mbili. Doto hakupepesa macho.

"Nakusikia," Kurwa akasema taratibu. "Nakusikia, Doto."

Kanda ikakatika.

"Usijali, imeingia," alisema Anatoli, akaifungua kwenye kompyuta. Doto akauliza, akangoja. Halafu, juu ya ngoma za mwaka ule, sauti ya bibi mmoja aliyechoka ikasema, "Nakusikia, Doto."

Anatoli akaushika waya, akaufuata kwa kidole mpaka mwisho wake.

"Bibi, hapa hakuna kipaza sauti cha kukunasa."

Kwenye picha Doto alikuwa amesogea, anapigapiga nafasi aliyoiacha kando yake. Na Kurwa alikuwa anavua kandambili, maana mkeka haukaliwi na viatu.