Wakili Hachaguliwi kwa Bango

Walikuwa wameshatoka lango la hospitali na kukata kona ya kwanza, dada mtu mbele na trei mbili za mayai yake ya biashara mikononi, mdogo mtu nyuma, mkono wake wa kulia kwenye plasta, umening'inizwa shingoni kwa kitambaa kama mtoto anayebembelezwa. Nesi alikuwa bado anaita dirishani kwamba wamesahau cheti cha daktari.

"Kakifuate wewe," dada alisema bila kugeuka. "Mimi nikianza kugeuka-geuka na mayai haya, tutatafuta mawakili wawili badala ya mmoja."

Mdogo mtu akarudi akakichukua. Alikuwa mchora mabango, na mji mzima ulimwita Brashi. Kwa miaka thelathini aliandika majina ya maduka, ya vinyozi, ya shule na ya majeneza, na hakuna mstari wake hata mmoja uliowahi kwenda kombo. Siku tatu nyuma alikuwa juu ya ngazi, anaandika ukutani mwa duka la makochi, amefika herufi ya nne, wakati vibarua wa duka wanashusha kochi la watu watatu kwa kamba kutoka ghorofani. Kamba ikateleza. Kochi likaja bila kubisha hodi. Brashi, ngazi, kopo la rangi ya buluu na kochi wakafika chini pamoja, na katika wote hao aliyevunjika ni Brashi peke yake.

"Vifupa vya kifundo vimepishana," daktari alimwambia. "Vinataka kupasuliwa na kutiwa vyuma, ndani ya wiki mbili. Ukiviacha vitaunga vyenyewe, lakini vitaunga vimepinda, na kuandika utakusikia kwa wenzio."

Daktari alipotaja gharama, Brashi alimwomba arudie. Aliporudia, akamwomba asirudie tena.

Mwenye duka la makochi naye alikuwa ameshajitoa. Alisema mzee kateleza mwenyewe ngazini, kochi gani? Hakuna kochi lililoanguka. Vibarua walipoulizwa wakatazama viatu vyao. Kochi lenyewe lilikuwa limeshaondoka dukani, halijulikani liliko. Ndiyo maana asubuhi hiyo ndugu hawa wawili walikuwa njiani kwenda mtaa wa nyuma ya mahakama, ambako mawakili wamepangana juu na chini kama viatu sokoni.

"Nesi kanielekeza kwa mama mmoja," dada alisema. "Kazi yake ni watu walioumizwa tu. Huyu hapa."

Brashi akainua macho, akasimama kama aliyeona nyoka. Juu ya mlango palikuwa na kipande cha ubao kilichopachikwa kwa misumari mitatu, wa nne umekata tamaa. Herufi zilianza kubwa, zenye maringo, kisha zilipoona ubao unakwisha zikabanana ukingoni kama watu wanaojikinga mvua.

"Siingii," alisema.

"Huingii nini?"

"Dada, tazama. Mtu asiyejua kupima nafasi ya herufi na herufi, atapima haki yangu? Huyu kesi ataianza kwa vishindo na ataimaliza chini ya meza!"

"Punguza sauti, dirisha liko wazi."

"Liwe wazi! Rangi yenyewe ya kupakia milango ya choo!"

Dada alimwambia amekuwa punguani tangu utotoni, akamkumbusha na kiatu alichokataa kuvaa kwa sababu kamba zake hazikulingana. Lakini Brashi alikuwa ameshavuka barabara, maana ng'ambo aliona bango lililomjaza mate mdomoni: herufi za dhahabu, kila moja na kivuli chake, na vivuli vyote vimeangukia upande mmoja.

"Huyo," alisema kwa unyenyekevu, "ndiye wakili."

Ofisi ilikuwa na zulia, feni, na karani aliyevaa tai. Karani akawakaribisha kwenye kochi kubwa lililofunikwa kitambaa cheupe. Dada akakaa, trei za mayai mapajani. Brashi akakaa pembeni yake, mkono kifuani, akimweleza karani jinsi kivuli cha herufi kinavyopigwa, mpaka wakili mwenyewe alipotoka. Alikuwa kijana mpole, miwani puani.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Pole kwa mkono. Nini kimekupata?"

"Marahaba, mwanangu. Nimeangukiwa na kochi."

"Kochi?"

"La watu watatu. Nilikuwa juu ya ngazi pale duka la makochi, lile la kona..."

Wakili akainua mkono haraka kama anayesimamisha gari. "Basi, mzee! Usiniambie zaidi. Tafadhali, hata neno moja."

"Lakini sijafika penye utamu!"

"Usifike. Mimi ndiye wakili wa duka hilo."

Feni ikazunguka. Brashi alitazama mlangoni, upande wa bango, kwa uso wa mtu aliyesalitiwa na mkewe.

Dada alikuwa ameinama. Kitambaa cheupe kilikuwa kimesogea kwa sababu ya makalio yake, ambayo hayakuwa ya kupuuzwa, na chini yake, kwenye mkono wa kochi, alikuwa ameona kitu. Akakivuta kitambaa pembeni. Palikuwa na alama ya kiganja cha mtu, vidole vitano vimetanuliwa, buluu. Mtu alikuwa ameisugua kwa sabuni na brashi ngumu mpaka kitambaa cha kochi kimechakaa, lakini buluu ilikuwa palepale.

"Baba," dada alimuuliza wakili, "hili kochi umelipata lini?"

"Juzi. Mwenye duka kaniletea zawadi..." Wakili akaiona alama. Miwani ikamteremka.

Brashi alipiga magoti mbele ya kochi. Machozi yalimlengalenga. "Imesuguliwa," alisema, "na haikutoka! Dada, si niliwaambia watu rangi yangu haitoki? Naichanganya mwenyewe!"

"Nyamaza we mtoto! Nenda ng'ambo kamlete yule mama. Mbio! Mimi sinyanyuki hapa."

"Mama," karani alisema, "ofisi hii..."

"Nishike uone. Mayai sitini haya. Nikisukumwa kidogo tu, zulia lenu litageuka kimanda."

Karani akatazama mayai, akatazama zulia, akakaa.

Brashi alivuka barabara kwa miguu mizito. Mama Wakili alikuwa dirishani, viwiko juu ya kizingiti, anamsubiri.

"Ehe," alisema. "Umerudi kufuata nini kwenye milango ya choo?"

"Mama, nisamehe. Ulimi hauna mfupa."

"Wako hauna, ila mkono wako unao, na umevunjika. Cheti cha daktari unacho?"

"Ninacho."

"Nimekuandikia mabango mangapi?"

"Hata moja."

"Basi na wewe usinifundishe kesi. Ingia, tia sahihi."

"Ya mkono wa kushoto?"

"Hata ya mguu."

Brashi akaandika jina lake kwa kushoto. Herufi zilianza kubwa, zikabanana ukingoni mwa karatasi. Mama Wakili alizitazama, akainua macho upande wa bango lake, na hilo lilimuuma Brashi kuliko tusi.

Walipovuka ng'ambo, Mama Wakili alifanya kazi yake upesi. Alipiga picha kochi, alama na nyuzi zilizochakaa. Akamwambia Brashi aweke vidole vilivyochungulia kwenye plasta juu ya vile vya buluu. Brashi aliviweka kwa maumivu, meno yamekazwa. Vikakaa kimoja kimoja kama mayai kwenye trei.

"Wakili mwenzangu," mama alisema, "naomba kochi hili lisisogezwe."

"Atalisogeza nani?" kijana alijibu kwa uchovu, akimtazama dada. "Leo hii nampigia mwenye duka. Kesi hii naiacha."

Mwenye duka alipoonyeshwa picha alikumbuka kochi. Upasuaji aliulipia siku ya kumi na moja, na fidia iliyobaki baada ya miezi mitano, bila kufika kwa hakimu. Kochi lilirudishwa dukani, likauzwa kwa bei ya kutupa kwa mwenye nyumba ya wageni. Vibarua walihamia kwenye duka la vitanda. Wakili kijana alipata cheo serikalini akahama mji. Mama Wakili bado yupo mtaa uleule na ana kesi nyingi. Kifundo cha Brashi kiliunga sawa. Kidole gumba hukakamaa wakati wa baridi, lakini anaandika. Dada yake aliendelea na biashara mpaka magoti yalipomkataza, kisha akaenda kuishi kwa binti yake.