Korongo Jembamba

Mchora ramani wa idara ya maji alikuwa mtu wa kazi, na kazi aliifanya kwa uadilifu. Mto ulionywesha mji ulikuwa umechafuka kwa tope, naye alipewa jukumu la kueleza tope hilo lilitoka katika ardhi ya namna gani. Aliketi mbele ya kompyuta, akaifungua picha ya bonde iliyopigwa kutoka angani, akaigawa rangi kwa rangi: msitu kijani, mashamba manjano, nyumba kijivu, udongo mtupu nyekundu. Programu ilifanya sehemu kubwa. Palipokuwa na shaka, aliamua yeye.

Shaka ilikuwa kwenye mteremko mmoja juu ya mto. Mstari mwembamba kama uzi ulipanda katikati ya nyasi, ukaishia kwenye kona ya kiwanja kidogo. Akaukuza, akautazama, akaupaka nyekundu, akaandika: korongo. Kwa hukumu hiyo mteremko wote ungezungushiwa ua wa waya na kuoteshwa majani, mtu asikanyage. Mafundi walikwisha kuagizwa.

Siku ile mkewe alipita ofisini kumwachia ufunguo wa nyumba, kwa kuwa alikuwa katika safari yake ya kila juma, ambayo mumewe hakuwa akiiulizia. Karani wa meza ya pili, mtu wa mizaha, akamsogezea kiti.

"Shemeji, huyu bwana wako anakijua kila kichuguu cha bonde hili. Nyumbani kwake tu ndiko asikokujua."

Mke akacheka kwa adabu. Kisha macho yake yakaangukia kioo cha kompyuta, na kicheko kikamkauka. Akauliza ule mstari mwekundu ni nini. Mumewe akamweleza kwa utaratibu, kama mwalimu, jinsi maji ya mvua yanavyoukata udongo na kuuteremsha mtoni. Akamweleza na habari ya ule ua.

Mke akainama, akaweka kidole pale mstari ulipoanzia barabarani, akakipandisha polepole mpaka konani.

"Hili si korongo, Baba Kijino," alisema. "Ni miguu yangu."

Tangu walipomzika binti yao, aliyepewa jina la Kijino kwa ajili ya jino lake moja lililotangulia, hakuwa amemwita mumewe hivyo. Mume naye hakuwa amerudi kwenye kiwanja kile cha makaburi hata mara moja. Kwanza alisema kazi zimembana. Kisha akaacha kusema, na mkewe akaacha kumngoja mlangoni. Sasa alikuwa amepatazama mahali alipolala mtoto wake asubuhi nzima, asipatambue.

Alimpigia mkuu wake simu palepale. Mkuu hakuona ugumu wowote: kama ni njia ya watu, afute, mafundi wataambiwa. Lilikuwa jambo dogo sana.

"Ngoja nichukue koti," akamwambia mkewe. "Twende wote."

Mke alikuwa ameshauweka ufunguo juu ya meza.

"Ile njia imezoea mtu mmoja," akasema bila ukali, akaenda zake.

Mchora ramani akaketi. Akashika kipanya ili aufute mstari, lakini kwanza akakirudisha kishale barabarani, akaanza kuupanda mteremko taratibu, pembeni mwa njia, asiiguse, hata akafika konani. Hapo kishale kikasimama, naye hakujua la kufanya.